R ya ghorofa ya nne

Novemba 1962, New York. Mwanaume mmoja anaingia Saks, duka la wenye nazo pale Fifth Avenue, na kumfuata muuzaji: samahani, viatu vya kike viko wapi? Viliko anakujua tayari. "Fourth floor," anajibiwa. Anajifanya hakusikia vizuri, anasogeza kichwa mbele kidogo: eti? Muuzaji anarudia, safari hii kwa kukazia. Mwanaume anashukuru, anakwenda pembeni asikoonekana, anaandika: kati ya R nne zilizopaswa kusikika, mbili mara ya kwanza na mbili ya pili, zimesikika ngapi.

Viatu hakuvihitaji.

Huyo ni William Labov, mwanaisimu wa Marekani, na mchezo ule aliurudia kwa wauzaji 264: 68 wa Saks, 125 wa Macy's, duka la watu wa kati, na 71 wa Klein's, walikonunua wenye mifuko myepesi. Saks, asilimia 62 walitamka R zote au baadhi. Macy's 51. Klein's kama 20 tu. Wauzaji wote mishahara yao ilikuwa ya wauzaji. R waliiazima kwa wateja wao. Na kule Macy's, walipoombwa kurudia, wengi waliirudisha R ya mwisho ambayo mara ya kwanza waliimeza. Yaani walijua ipi ni "nzuri". Hawakuitumia tu palipokosekana sababu.

Hesabu hiyo imenikaa kichwani wiki kadhaa, kwa kuwa najiuliza kwa nini lafudhi moja humfanya mtu aonekane ana akili na nyingine mjinga. Kinachonisumbua ni kwamba ukivuka bahari, inageuka juu chini.

Sauti moja, hukumu mbili

London, sauti iliyohesabiwa kuwa ya kisomi ni ile iliyoidondosha R hiyo hiyo. "Car" inabaki "kaa". Daniel Jones alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, lafudhi hiyo aliiita ya "public school", shule ambazo, kinyume cha jina lake, ni za wenye ada nene. Mwaka 1926 akahamia jina Received Pronunciation, ambalo leo tunalifupisha RP. Mwaka huo huo BBC ikaunda kamati ya kuamua watangazaji watamkeje. Wakati huo mtu wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, anayeitamka R yake kamili, ndiye anayeigizwa kwenye vichekesho akiwa mkulima asiyejua lolote.

Kwa hiyo: New York ukiimeza R unaonekana wa chini. London ukiimeza unaonekana umesoma.

Na New York yenyewe haikuwa hivyo siku zote. Msikilize Rais Franklin Roosevelt akiapishwa mwaka 1933, namna anavyotamka "fear" bila R. Matajiri wa pwani ya mashariki ya Marekani walisema hivyo, na hakuna aliyewaona wajinga. Baada ya vita vya pili vya dunia mambo yakageuka. R ikapanda cheo, kuimeza kukaachiwa vibarua. Katikati ya mageuzi hayo ubongo wa mtu haukuongezeka wala kupungua.

Wengi wanaoandika habari hizi huishia hapo: lafudhi ni madaraka tu, basi. Mimi sikuridhika. Kama ni hivyo tu, mbona hata anayejua kuwa ni hivyo bado anadanganyika?

Namna ya kuipima

Ukimuuliza mtu waziwazi kama anabagua lafudhi, atakwambia hapana. Ndiyo maana mwaka 1960, Montreal, Wallace Lambert na wenzake walitumia mtego ambao mpaka leo unatumika. Unamtafuta mtu mmoja anayemudu lafudhi au lugha mbili kama mwenyeji. Anasoma matini moja mara mbili, anarekodiwa. Rekodi hizo unazitenganisha kwa sauti za watu wengine katikati, ili msikilizaji asigundue kuwa sauti ya pili na ya sita ni koo moja. Kisha msikilizaji anampa kila "msemaji" alama: akili, uaminifu, ucheshi, hata urefu wa kimo.

Mtego huu huharibika kirahisi. Msomaji akiigiza badala ya kusema, wasikilizaji watapima uigizaji. Akienda mbio kidogo katika lafudhi moja, umepima kasi, kwa sababu anayesema haraka bila kukwama huonekana mwerevu katika lafudhi yoyote. Na matini ikiwa na neno la mtaani au la darasani, neno hilo litafanya kazi uliyodhani imefanywa na lafudhi.

Montreal walitumia Kiingereza na Kifaransa. Waingereza wa Kanada walizipa sauti za Kiingereza alama za juu, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni kwamba Wafaransa wa Kanada nao walifanya vivyo hivyo. Katika sifa kadhaa waliwashusha Wafaransa wenzao kuliko Waingereza walivyowashusha.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Birmingham

Howard Giles aliuhamishia mtego huo Uingereza miaka ya 1970, na sifa zikajigawa mafungu mawili bila kulazimishwa. Fungu la kwanza ni akili, elimu, uwezo wa kuongoza. La pili ni wema, uaminifu, ucheshi. RP inachukua la kwanza na kupungukiwa la pili. Lafudhi nyingi za mikoani hufanya kinyume chake. Birmingham ilikuwa chini kabisa kwenye hadhi. Mwaka 2007, Nikolas Coupland na Hywel Bishop walipochapisha maoni ya watu zaidi ya 5,000 juu ya lafudhi 34, Birmingham ilikuwa bado mkiani. Huu ni mji ambako Watt na Boulton walijenga injini zao za mvuke, nusu ya dunia ikaenda kununua.

Jaribio la 1975 ndilo linalouma zaidi. Mtu mmoja alizungumza mbele ya wanafunzi wa sekondari wa miaka kama 17, kundi moja kwa RP, kundi jingine kwa lafudhi ya Birmingham, maneno yale yale. Kisha wakaombwa kuandika juu yake. Juu ya aliyesema kwa RP waliandika kwa urefu zaidi. Hakuna aliyeombwa kubagua. Watafiti walihesabu maneno tu. Mtu tunayemwona mjinga hatumtukani. Tunamwandikia sentensi fupi.

Mwaka 2002, John Dixon na wenzake waliwasikilizisha watu mahojiano ya polisi na mtuhumiwa anayekana kosa. Akikana kwa lafudhi ya Birmingham, wasikilizaji walimwona ana hatia zaidi kuliko alipokana kwa lafudhi sanifu.

Hoja iliyosifiwa na hoja iliyoingia

Kabla hujakimbilia kununua masomo ya RP mtandaoni, kuna jaribio jingine la Giles, la 1973, ambalo walimu wa lafudhi hawalitaji. Hoja moja dhidi ya adhabu ya kifo ilisikilizishwa vijana wa Wales na Somerset: kwa RP, kwa lafudhi ya Wales Kusini, ya Somerset, ya Birmingham. Wengine waliisoma kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Walipoulizwa hoja ni nzuri kiasi gani, RP ikaongoza na Birmingham ikawa chini.

Lakini Giles alikuwa amepima msimamo wao kabla na baada.

Waliobadilika ni wale waliosikiliza lafudhi za mikoani. Waliosikiliza RP waliisifu hoja, wakabaki pale pale walipokuwa.

Maana yake ni kwamba kile tunachokiita "kuonekana mwenye akili" ni alama moja kwenye karatasi ya alama mbili, na mara nyingi ya kwanza inalipwa kwa kutoa ya pili. Wamarekani nao wakisikia RP huipa hadhi kubwa, kuliko hata wanayojipa wenyewe, huku wakikiri kuwa hawajisikii huru mbele yake. Lafudhi ya kuheshimiwa kutoka mbali.

Mtoto anaipata wapi

Katherine Kinzler na Jasmine DeJesus waliwasikilizisha watoto wa Illinois na wa Tennessee sauti za kaskazini na za kusini mwa Marekani, wakauliza: yupi mwerevu, yupi mwema, yupi mkubwa wa kazi? Watoto wa miaka 5 na 6 hawakuwa na jibu la pamoja. Wa miaka 9 na 10 walikuwa nalo, tena moja, pande zote mbili: wa kaskazini ana akili, wa kusini ana roho nzuri. Mtoto wa Tennessee, anayesikia lafudhi ya kusini kwa mama yake kila siku, ndani ya miaka minne tu anakuwa amejifunza kuwa haina akili nyingi.

Montreal tena, ila safari hii mwanafunzi ana miaka tisa.

Pengine ni uchovu wa sikio tu

Kuna maelezo ya upole zaidi, na nilitamani yawe ya kweli. Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa mwaka 2010 jaribio la sentensi za maarifa madogo madogo, mfano: twiga hukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Wasikilizaji waliambiwa wazi kuwa wasemaji wanasoma tu walichopewa. Hata hivyo sentensi iliyosemwa kwa lafudhi ya kigeni ilionekana si ya kweli sana. Maelezo yao: ubongo ukifanya kazi ya ziada kusikia, ugumu ule unausingizia ujumbe. Kinachopita kirahisi huonekana kweli. Wasikilizaji walipoonywa kuhusu mtego huu, waliweza kujirekebisha kwa lafudhi nyepesi. Kwa lafudhi nzito, onyo halikusaidia.

Ingekuwa hivyo tu, tungesema hakuna mbaya hapa, ni masikio.

Ila Donald Rubin alikuwa ameshatibua maelezo hayo mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Georgia. Wanafunzi walisikiliza mhadhara mfupi, sauti ile ile ya Mmarekani, huku wakionyeshwa picha: kundi moja mwanamke Mzungu, jingine mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Walioonyeshwa picha ya pili walisikia lafudhi ya kigeni. Na wakapata alama za chini kwenye jaribio la uelewa. Kanda ilikuwa moja! Sikio lilichoka kwa kazi ambayo haikuwepo.

Na hukumu huanza mapema kuliko tunavyodhani. Utafiti wa 1999 wa Thomas Purnell, William Idsardi na John Baugh ulitumia Baugh mwenyewe, anayemudu Kiingereza cha Wamarekani weusi, cha Walatino na kile sanifu, kuwapigia simu wenye nyumba za kupanga eneo la San Francisco. Kwenye mitaa ya Wazungu wengi, lafudhi mbili za kwanza zilipata nafasi chache za kwenda kuona nyumba. Kisha wakajaribu kuona msikilizaji anahitaji kusikia kiasi gani ili atambue ni lafudhi ipi. Neno "hello" pekee lilitosha watu wengi.

Anayetweng na anayemcheka

Kwetu, mjadala huu huishia kwenye kutweng, yaani kuiga lafudhi ya kigeni: mtu amekaa wiki mbili Dubai karudi anabana pua. Humwagiwa methali palepale, mwacha asili ni mtumwa. Naona anaonewa kidogo. Muuzaji wa Macy's alifanya hicho hicho aliposema "floor" mara ya pili.

Kosa la anayetweng ni la kiufundi: anarekebisha sehemu isiyohitaji matengenezo.

Jennifer Jenkins alikusanya mazungumzo ya wageni kwa wageni wakiongea Kiingereza, akaangalia ni wapi hasa walishindwa kuelewana. Orodha aliyoitoa mwaka 2000 haifuati Uingereza wala Marekani. R anaitaka ya Marekani, yaani isikike, kwa kuwa inalingana na maandishi. T anaitaka ya Uingereza, T kweli. Sasa mtazame Mswahili: R anayo, T anayo. Akitweng, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza "water" kuwa "wara". Ameiacha T iliyoeleweka dunia nzima, akachukua inayompa shida Mjapani, Mbrazili na Mturuki aliyeko naye kwenye mkutano.

"Th" haimo kwenye orodha ya Jenkins. Ukisema "tink" utaeleweka. Watu wa pwani wanayo tayari kwenye thelathini na dhahabu. Wa bara wanaosema selasini wasipoteze usiku kwa ajili yake.

Yanayopoteza msikilizaji ni haya, na kwetu ni halisi kabisa.

Urefu wa irabu kwanza. "Live" na "leave" zinatoka sawa kwa wengi wetu, "ship" na "sheep" vilevile. Lakini urefu tunaujua tangu utotoni: hakuna anayechanganya kufa na kufaa, wala kukata na kukataa. Beba sikio hilo hilo. "Leave" ipe muda wa irabu mbili, "live" wa moja.

Kisha irabu ya "work", "bird", "thirty". Kiswahili hakina hiyo, kwa hiyo inatumbukia kwenye A: "wak", "bad", "thati". Ndiyo irabu pekee ambayo Jenkins anasisitiza ubora wake, si urefu tu. Ulimi ulaze katikati usiguse popote, midomo usiiviringe wala kuitanua, shikilia kama unafikiri jibu. Ukiongeza R mwishoni, heri.

Konsonanti zikisongamana mwanzoni mwa neno, kuchomeka kairabu katikati hakuleti hasara kubwa. Kudondosha konsonanti moja ndiko kunakomwacha mtu hewani.

La mwisho ni gumu zaidi kwa sababu si la ulimi. Kiswahili kinakazia kwa muundo: "Ni ule wa bluu nilioutaka." Kiingereza kinaacha maneno mahali pake na kupandisha sauti kwenye "blue". Mswahili anayeongea Kiingereza kwa mkazo sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho huwa ametoa habari zote ila moja: ipi ni muhimu. Msikilizaji anamaliza sentensi akiwa hajui ashike nini, na hapo ndipo hukumu ya "hajajipanga" huzaliwa.

Hata IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza unaoogopwa sana, haikatai lafudhi. Mtihani wa kuongea una dakika 11 hadi 14, vigezo vinne vya uzito sawa, matamshi kikiwa kimoja, na kinachopimwa humo ni kueleweka.

Upande wa pili wa meza

Tunamwagia msemaji ushauri kana kwamba yeye ndiye mwenye tatizo. Msaili naye ana kazi.

Mwaka 2004 Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha kuwa sikio huzoea lafudhi ya kigeni ndani ya kama dakika moja. Dakika moja tu. Kwa hiyo swali la kwanza la usaili lisiwe na alama. Liwe la safari, la jina, la chochote. Na msailiwa asiweke hoja yake nzito kwenye sentensi mbili za mwanzo, zitapotea.

Kundi la Devyani Sharma na Erez Levon, waliochunguza ubaguzi wa lafudhi Uingereza kwenye ajira za sheria, walikuta jambo la kutia moyo kiasi. Raia wa kawaida walizishusha lafudhi za tabaka la chini, lakini mawakili walioombwa kupima ubora wa majibu waliweza kutofautisha jibu zuri na baya bila kuyumbishwa sana na sauti. Walikuwa na kitu mahususi cha kupima. Msaili asiye na vigezo vilivyoandikwa kabla hajamwita mtu, sikio lake litamtungia vyake. Aandike alama baada ya kila jibu. Akisubiri mwisho, atakayekumbuka si yeye, ni sikio.

Gholofa

Sisi nasi tulichagua. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kutokana na mkutano wa Mombasa wa 1928, Kimvita kilikuwa na ushairi wake mkubwa na watetezi wake. Kilichokosa ni bahati ya meza ile. Leo mtu akichanganya R na L tunacheka kabla hajamaliza sentensi. Kenya wana hata neno lake, anashrab, na wachekeshaji wanakula kwalo.

Nenda Kariakoo, kwenye yale majengo marefu ya maduka, uulize viatu vya kike viko wapi. Kijana akujibu bila kuinua kichwa kwenye simu: "Gholofa ya nne." Angalia ulichomfikiria kabla hujafika kwenye ngazi.

Viatu viko ghorofa ya nne.